Kiwanja cha kuchezea watoto juu ya ardhi iliyoganda: jibu kwa fundi wa Winnipeg

Swali: Mheshimiwa mhandisi, salamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mzaliwa wa Bukavu, na sasa ninaishi Winnipeg, Kanada. Katika chumba cha kusubiria daktari nilifahamiana na familia ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, kutoka kijiji kimoja cha pwani ya magharibi ya Hudson Bay, huko Nunavut, eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada. Waliniambia kwamba watoto wa kwao hawana mahali pa kuchezea isipokuwa bembea mbili zilizovunjika. Jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili imechanga fedha, na shule moja ya hapa mjini imetupa vifaa vyake vya zamani baada ya kuving'oa. Tunataka kuvipeleka kiangazi kijacho na kuvifunga kwa wiki moja. Tuzingatie nini ili vidumu?

Jibu: Ndugu fundi, nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kuona kwamba jambo hili limezaliwa katika mazungumzo ya watu waliokaa pamoja wakingoja daktari. Kucheza ni haki ya mtoto. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kanada iliuridhia mwaka 1991, kinasema hivyo waziwazi. Watoto wenyewe ni wengi: sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 37,000 katika Nunavut nzima, wamegawanyika katika vijiji na miji 25, na karibu theluthi moja yao hawajafikisha umri wa miaka 15. Hata hivyo sitakuficha ninaloliona. Mkivipeleka vifaa hivyo kiangazi kijacho na kuvifunga kwa wiki moja, nina hofu kwamba baada ya miaka mitatu kijiji kitakuwa na chuma kingi zaidi kilichopinda, na watoto watakuwa bado hawana mahali pa kuchezea. Naomba uvumilie urefu wa maelezo yangu, kwa maana kila kipengele kina sababu yake.

Nianze na ardhi. Karibu Nunavut yote imekaa juu ya ardhi iliyoganda daima, yaani udongo, changarawe na mwamba ambavyo havijayeyuka kwa miaka mingi sana. Juu yake liko tabaka jembamba, pengine la nusu mita, pengine la mita moja na nusu au zaidi, ambalo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena kila majira ya baridi. Tabaka hilo ndilo linalong'oa nguzo. Maji yaliyomo ndani yake yakiganda huvimba, na kama udongo ni wa matope laini, huendelea kufyonza maji kutoka chini na kuyageuza barafu iliyolala tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa ndani ya hotipoti. Udongo unapopanda kwa uvimbe huo, huwa umeikumbatia nguzo na kupanda nayo. Kiangazi kikija, matope yaliyoyeyuka huporomoka na kujaza uwazi uliobaki chini ya nguzo, kwa hiyo nguzo haipati pa kurudi. Mwaka unaofuata hupanda tena kidogo, na mwaka wa tatu tena.

Niliwahi kuitwa kuangalia bembea katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Miguu yake minne ilikuwa imefukiwa kwenye zege kwa kina cha mita moja na robo hivi, kazi safi kabisa, na ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mguu mmoja ulikuwa umepanda karibu shubiri nzima kuliko mingine, boriti ya juu ikawa imelala upande, na kitako cha zege kilikuwa kimechomoza ardhini kama jino lililolegea. Msichana mmoja aliyekuwa akibembea alikwenda mshazari, na kila aliporudi nyuma, kiti kilipita kiganja kimoja tu kutoka kwenye nguzo. Waliofunga bembea ile hawakuwa wazembe. Walichimba kama wanavyochimba kusini mwa Kanada, ambako fundi hushuka chini ya kina cha baridi hadi akutane na udongo usioganda kamwe, na hapo ndipo nguzo husimama imara. Wewe ukichimba Winnipeg unaipita baridi, lakini kule ukichimba unaikuta.

Kwa sababu hiyo swali lako la kwanza kwa halmashauri ya kijiji liwe ni eneo lipi limetengwa, na chini yake kuna nini. Kama kuna mwamba karibu na uso, mna bahati: nondo za chuma zilizochimbiwa ndani ya mwamba na kushikizwa kwa saruji maalumu hazitapanda. Kama ni udongo, kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni nguzo ndefu za chuma zinazochimbiwa kwa mashine hadi ndani kabisa ya ardhi iliyoganda, ili ile sehemu ya chini ishikwe na barafu kwa nguvu kuliko tabaka la juu linavyoweza kuivuta. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa udongo mwenye mashine ya kuchimbia, na mashine hiyo haikai kijijini mwaka mzima. Huja na makandarasi wa nyumba kisha huondoka. Mkiweza kuulizia ni mwaka gani nyumba mpya zitajengwa, mnaweza kuomba mashimo yenu yachimbwe katika safari hiyohiyo, na hapo mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.

Njia ya pili ndiyo ninayokushauri, kwa kuwa inaendana na mikono yako. Msichimbe kabisa. Mwageni jukwaa la changarawe safi lenye unene wa karibu mita moja, lililoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu yake mlaze fremu pana ya mabomba ya chuma ya mraba iliyofungwa kwa bolti, yenye kushikamana kama kitanda, kisha bembea na ngazi zisimame juu ya fremu hiyo. Kisha fremu ifunikwe kwa changarawe, na uzito wa changarawe ndio uizuie isipinduke. Changarawe safi haishiki maji, na kisichoshika maji hakivimbi. Hata ardhi ya chini ikicheza kidogo, fremu nzima hucheza pamoja, wala mguu mmoja hauachani na mingine. Chini ya kila kona weka jeki ya skrubu, kama zile zinazobeba nyumba nyingi za kaskazini, ili kila Julai mtu mmoja mwenye spana na pima maji aweze kuisawazisha kwa asubuhi moja. Mahesabu ya uzito na upana wa fremu yapitiwe na mhandisi mwenye leseni ya kufanya kazi Nunavut, maana mtoto wa kilo 40 anayebembea kwa nguvu huivuta boriti kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wake.

Maji ya theluji inayoyeyuka yasiachwe yatuame kando ya jukwaa, kwa kuwa maji yaliyosimama hubeba joto na kuiyeyusha ardhi ya chini. Theluji yenyewe iliyorundikana majira yote ya baridi hufanya kazi ya blanketi, ikazuia baridi isishuke ardhini, na hivyo kuidhoofisha pia. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, kwa hiyo yale ambayo wazee waliyaona kwenye ardhi yao miaka 30 iliyopita si lazima yaendelee kuwa kweli katika umri wa kiwanja chenu. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea kitu kinachoweza kusawazishwa kuliko nguzo zilizochimbiwa ardhini.

Sasa nizungumzie kuanguka, ambako ndiko watoto wanakoumia. Kanada ina kiwango cha usalama wa vifaa vya michezo ya watoto kinachoitwa CSA Z614, na toleo lake la karibuni kabisa ndilo unalopaswa kulitafuta. Kiwango hicho hakitazami vifaa peke yake, bali pia kile kilicho chini yake: hudondoshwa chombo chenye umbo la kichwa kutoka kimo cha juu ambacho mtoto anaweza kuangukia, na kipimo cha mshtuko unaoweza kujeruhi kichwa hakitakiwi kupita 1,000, wala kasi ya kusimama ghafla isipite mara 200 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Mchanga mkavu, changarawe laini za mviringo zenye kina cha sentimita 30 hivi, vipande vya mbao au vigae vya mpira hufaulu vipimo hivyo wakati wa kiangazi. Changarawe ileile ikilowa mwezi Oktoba na kuganda, huwa haina tofauti na sakafu ya zege. Theluji iliyokanyagwa siku nyingi nayo hukakamaa. Mpira hukauka na kupoteza ulaini, na gundi yake huachia. Vipande vya mbao hupeperushwa na upepo wa pwani ile, nako hakuna miti ya kutengenezea vingine.

Kwa hiyo msitafute sakafu itakayoshinda baridi, punguzeni kimo. Mimi singejenga jukwaa la kukwea linalozidi mita moja na nusu katika kijiji kama hicho, hata kama kitabu cha mauzo kinaonyesha minara mizuri ya mita tatu. Bembea ziwe na ndoano zinazoruhusu viti kuondolewa ardhi inapoganda na kurudishwa inapoyeyuka, na kazi hiyo iwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Changarawe iwe ya mviringo na iliyochekechwa. Kifusi cha mawe yaliyopondwa, chenye vumbi lake, hushikana kama barabara, nacho hakifai hata mwezi Julai.

Jambo moja wageni wengi hawaliwazii hadi waone kwa macho: theluji hupandisha uso wa ardhi. Upepo ukikutana na jukwaa au ukuta, huachia mzigo wake upande wa pili, na kufikia mwezi Machi rundo linaweza kufika kifua cha mtu mzima. Kizuizi kilichokuwa cha kutosha kumzuia mtoto asianguke sasa kinamfika magotini. Mtelezo umezikwa nusu. Na paa la kibanda kidogo, ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria kama mahali pa kuchezea, limepata ngazi yake. Ndiyo maana ninakuomba mtu wenu mmoja afike kijijini mwezi Machi kabla ya kuchora chochote, atembee na mwenyeji kwenye eneo hilo, na kuweka alama mahali marundo yanapolala na upepo unapotokea.

Majira ya baridi kule huchukua sehemu kubwa ya mwaka, na watoto hawakai ndani kuyasubiri yaishe. Hutoka wakiwa wamejifunika hadi machoni, wakateleza juu ya chochote chenye mteremko. Kama fedha yenu ingetosha kitu kimoja tu, ningewaambia mjenge kilima: lundo kubwa la changarawe na udongo lenye mteremko mmoja mrefu unaoishia mahali tambarare, mbali na barabara ya magari ya theluji, lenye ngazi za mbao upande wa pili. Kiangazi watakipanda na kukishuka kwa baiskeli, na majira ya baridi greda la kijiji litakiongezea theluji. Hakina bolti, wala vipuri vya kuagizwa, na katika vijiji nilivyopita sijaona kifaa kinachotumika saa nyingi zaidi kwa mwaka.

Niliahidi kutokuficha, kwa hiyo niseme kuhusu vifaa vya zamani mlivyopewa: msivipeleke. Najua vimetolewa kwa moyo mwema. Lakini shule haing'oi vifaa vizima bila sababu, na sababu ya kawaida ni kwamba vimepitwa na kiwango. Pima nafasi kati ya vyuma vya ngazi na vya vizuizi: uwazi wowote ulio kati ya sentimita 9 na 23 hivi unaweza kupitisha mwili wa mtoto na kunasa kichwa chake. Kama kuna mbao zilizotiwa dawa kabla ya mwaka 2004, huenda dawa hiyo ina aseniki, ambayo ni sumu, kwa sababu hadi mwisho wa mwaka 2003 ndipo watengenezaji wa Kanada na Marekani walipoacha kuitumia kwa vitu vya aina hiyo. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Plastiki ya mtelezo iliyopigwa na jua kwa miaka 15 inaonekana nzima hapa mjini, lakini ipige teke katika baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri uone. Juu ya hayo, mtengenezaji hatathibitisha kifaa kilichong'olewa na kufungwa upya na watu wengine, na bila uthibitisho huo halmashauri itapata shida na bima yake, kwa maana mtoto akiumia ni wao watakaojibu.

Kuna na jambo ambalo haliko kwenye kiwango chochote. Watu wa kaskazini wamepelekewa masalio ya kusini kwa muda mrefu: nyumba zisizoifaa baridi, nguo za mtumba, vitabu vya shule visivyowataja. Mtoto akiambiwa kwamba kiwanja hiki kimejengwa kwa ajili yake, kisha akakuta jina la shule nyingine limechorwa kwenye mtelezo, atalielewa hilo kabla hujamweleza. Afadhali bembea mbili mpya kuliko kiwanja kizima cha mabaki.

Kwa upande wa vyuma wewe ni mjuzi kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Chagua chuma ambacho cheti chake kinaonyesha kimejaribiwa kwenye baridi kali, hasa pale palipo na mshtuko, kama ndoano za bembea na maungio ya boriti, na tumia fimbo za kuchomelea zenye hidrojeni kidogo. Pakeni zinki kwa kuchovya, si kwa kupuliza, kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi. Mishikio ifunikwe kwa mpira au kamba nene, maana chuma kitupu katika baridi ile hunata kwenye ngozi yenye unyevu, na kila mwaka yuko mtoto mmoja anayejaribu kwa ulimi. Kusiwe na ncha wala bolti iliyochomoza inayoweza kunasa kamba ya kofia ya koti. Nchini Kanada wazazi hushauriwa kuwavalisha watoto kikinga shingo kisicho na ncha za kuning'inia badala ya skafu wanapokwenda kwenye bembea na mitelezo, na ushauri huo una uzito mkubwa zaidi mahali ambapo mtoto huvaa nguo nzito miezi minane.

Safari ya mizigo ndiyo itakayoamua kalenda yenu. Hakuna barabara inayounganisha vijiji vya pwani ile na jimbo lenu la Manitoba. Mizigo mizito huenda kwa meli wakati bahari imefunguka, takriban Julai hadi Oktoba, na sehemu kubwa ya shehena hizo huanzia bandari za Quebec karibu na Montréal, jambo linalowashangaza watu wa Winnipeg ambao wangetazamia zipande moja kwa moja kaskazini. Ipo pia reli ya kwenda Churchill, bandari ya kaskazini mwa Manitoba, ile iliyokatwa na mafuriko mwaka 2017 na kurudi kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 2018. Ulizeni kama meli ya mwaka wenu itapitia huko. Katika vijiji vingi hakuna gati. Meli hutia nanga mbali, shehena hushushwa kwenye tishali, na tishali husukumwa hadi ufukweni maji yakijaa. Sanduku lenu litawekwa juu ya kokoto za ufukwe, na kijiko cha halmashauri, yaani ile mashine ya kubebea mizigo, kitalichukua kikipata nafasi, kwa sababu siku hiyo kijiji kizima kinashusha chakula, mafuta, magari na mbao za mwaka mzima.

Kwa hesabu hiyo, meli ikifika mwishoni mwa Agosti mtakuwa na wiki chache tu kabla ardhi haijaanza kuganda. Pangeni viangazi viwili. Wa kwanza ni wa changarawe, ambayo kijiji huchimba chenyewe, na wa kupokea masanduku na kuyahifadhi. Wa pili ni wa kufunga, kuanzia Julai, kwa utulivu, pamoja na vijana wa hapohapo waliolipwa ujira wao. Bajeti yenu isiishie kwenye bei ya vifaa. Katika kazi nilizosimamia, usafirishaji, nauli za ndege na malazi ya mafundi vilizidi bei hiyo mara nyingi kuliko vilivyopungua.

Bolti zitenganisheni katika masanduku mawili, kila moja likiwa na seti kamili. Katika kijiji kingine nilikuta viti vya bembea vimekaa ghalani majira mawili ya kiangazi, vipya kabisa, bado vimo kwenye nailoni yake. Boriti ilikuwa imesimama, minyororo ilikuwepo. Kilichokosekana ni ufunguo wa kufungulia bolti za aina ya pekee, zile zenye kichwa ambacho spana ya kawaida haikishiki, na ufunguo huo, usiozidi urefu wa kidole, ulikuwa umeondoka mfukoni mwa fundi aliyerudi kusini. Mtunza ghala alikuwa ameandika barua tatu kuuomba. Tumieni bolti za pembe sita za saizi mbili tu, zenye nati zisizolegea zenyewe, ili spana iliyopo kwenye gereji ya kijiji itoshe. Achieni pale kasha la chuma lenye viti vinne vya ziada, minyororo, nati, jeki moja na mchoro uliochapishwa kwenye karatasi isiyolowa.

Mpangilio wa barua yangu si mpangilio wa kazi, kwa kuwa ninalolisema sasa ndilo linalotakiwa kutangulia yote. Familia mliyokutana nayo imewapa habari, haijawapa ruhusa. Mwandikieni ofisa mtendaji wa kijiji na mratibu wa michezo, muombe nafasi ya kuzungumza na halmashauri, na mkubali jibu lolote, hata likiwa kwamba kwanza wanahitaji paa la uwanja wa barafu. Wainuit wana neno *aajiiqatigiinniq*, lenye maana ya kukata shauri kwa kujadiliana hadi watu wawe na neno moja, na serikali ya Nunavut imeliweka miongoni mwa misingi yake ya kazi. Wana sababu ya kulishikilia. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, hadi Grise Fiord na Resolute, mbali zaidi kaskazini, umbali wa kilomita zipatazo 2,000, kwenye giza la miezi mitatu ambalo hawakuwahi kuishi nalo. Radhi ilikuja kuombwa mwaka 2010. Mgeni anayefika na mpango uliokamilika, hata ukiwa wa bembea, anawakumbusha mengi.

Mkiuliza mtapata majibu ambayo mchoraji wa kusini asingeyawaza. Wanawake wa kijiji kimoja waliniambia kwamba viti vyetu vya kupumzikia havikaliki, na sikuelewa hadi mmoja wao alipokaa mbele yangu. Alikuwa amevaa *amauti*, lile koti lenye mfuko mgongoni ambamo mtoto hubebwa, kama sisi tunavyombeba kwa mbeleko. Egemeo la kiti lilikuwa likimsukuma mtoto, kwa hiyo mama alilazimika kukaa ukingoni kabisa. Tulikata maegemeo yale, tukapanua ubao, na tukaweka ukuta mdogo wa kukinga upepo nyuma yake. Wiki iliyofuata bibi mmoja alikuja na chupa yake ya chai akakaa pale hadi jioni, na palipo na bibi, watoto wadogo huruhusiwa kubaki.

Wazee nao huenda wakataka nguzo ya michezo yao wenyewe: mlingoti wenye kamba inayopandishwa na kushushwa, na kitu kidogo kilichoning'inizwa ambacho mchezaji hukirukia na kukipiga kwa mguu mmoja kisha akatua kwa mguu uleule. Mchezo huo hushindaniwa hadi kwenye Michezo ya Aktiki ya Majira ya Baridi, iliyoanza Yellowknife mwaka 1970. Nguzo hiyo ni kazi ya nusu siku kwa fundi kama wewe. Lakini ngoja waitaje wao. Vibao vya maelezo viandikwe kwanza kwa Kiinuktitut, kwa zile herufi za silabi zinazotumika pwani hiyo, na mtu wa kijijini ndiye aandike.

Kuhusu mahali penyewe, wenyeji watakuongoza vizuri kuliko ramani. Pawe karibu na shule na nyumba ili watu wazima waone kutoka madirishani, mbali na jalala na njia wanazopita dubu weupe, ambao pwani ya Hudson Bay huwaleta karibu na vijiji kila vuli wakisubiri bahari igande. Msiweke mabomba ya kutambaa yenye giza ndani, kwa kuwa mbwa au mbweha anaweza kulala humo. Mwezi Julai mbu ni wengi mno, na upepo ndio dawa yake, kwa hiyo mahali palipokingwa kabisa, panapofaa majira ya baridi, patakimbiwa kiangazi. Maelewano yake ni ukuta mmoja mfupi upande wa upepo wa baridi na kuacha pande nyingine wazi. Taa ni lazima, kwa sababu mwezi Desemba mchana wa kule ni mfupi na watoto hutoka shule giza likikaribia kuingia.

Mwezi huu, basi, fanya mambo mawili tu: andika barua kwa halmashauri, na uiulize ofisi yao ya ardhi kuhusu udongo na kuhusu mwaka ambao mashine ya kuchimbia itarudi. Shule iliyowapa vifaa mwieleze kwa heshima kwa nini hamtavichukua. Minyororo na mabomba manyoofu unaweza kuyaomba kwa mazoezi ya vijana wako wa karakana. Ukipata jibu la halmashauri, nitumie pamoja na mchoro wako wa fremu, nami nitaupitia kabla haujaenda kwa mhandisi wa leseni na kabla hujakata bomba la kwanza.